Mwongozo kamili: kuhesabu mwenyewe mechi ya ubingwa wa dunia wa vishale bila kupotea njiani

Kila ikifika katikati ya Desemba naanza kuulizwa maswali yaleyale. Mbona huyu kapiga mia themanini mara tatu na bado kafungwa? Mbona namba zake zimerudi nyuma? Mbona wameshangilia kashinda halafu wanaendelea kucheza? Niliwahi kuwaelekeza watu kwa mdomo pale kijiweni, wote wakaitikia "eeh eeh tumeelewa", mechi ikaanza, dakika kumi hazijaisha wamepotea tena. Nikaona shida sio wao, shida ni kwamba huu mchezo ukielezwa kwa mdomo tu hauingii, lazima ushike kalamu.

Kwahiyo hapa nafundisha kitu kimoja: kukaa mbele ya TV au simu na kuhesabu mechi nzima mwenyewe kama mshika chaki wa baa, kutoka mshale wa kwanza mpaka wa mwisho. Nazungumzia ubingwa wa dunia wa PDC (shirika la vishale vya kulipwa), ule unaochezwa Alexandra Palace, London, ambapo mashabiki wenyewe hupaita Ally Pally. Usichanganye na kombe la timu linalochezwa Frankfurt katikati ya mwaka, kule nchi zinacheza wawiliwawili na hesabu ya mechi iko tofauti.

Historia naruka, twende kwenye kazi.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Daftari la shule la mistari. Sio karatasi moja, mechi moja inaweza kula kurasa nne tano.
- Kalamu mbili za rangi tofauti, moja kwa kila mchezaji. Nyekundu na bluu zinatosha.
- Mchoro wa bodi uliochora MWENYEWE (hatua ya 1).
- Mechi ya marudio unayoweza kuisimamisha. Usianze na mechi ya moja kwa moja, hawa watu wanarusha mishale mitatu ndani ya sekunde tano sita na hakuna atakayekusubiri ufanye hesabu ya kutoa.
- Selotepu na kipande cha karatasi ngumu. Hii ni ya mwisho kabisa, utaona.

Kikokotoo cha simu kiache mfukoni mpaka hatua ya 10. Ukikizoea mapema kichwa hakitajifunza kitu.

## Hatua ya 1: Chora bodi, usiitazame tu

Chora duara kubwa, ligawe vipande 20 kama keki. Weka 20 juu kabisa, halafu zunguka kufuata mshale wa saa: 20, 1, 18, 4, 13, 6, 10, 15, 2, 17, 3, 19, 7, 16, 8, 11, 14, 9, 12, 5.

Umeona zilivyopangwa? Namba kubwa zimezungukwa na ndogo makusudi. 20 iko katikati ya 5 na 1, 19 iko katikati ya 3 na 7. Mkono ukiteleza kidogo tu unaadhibiwa, ndio maana utaona jitu zima la kulipwa linapiga 26, yaani 20, 5 na 1, halafu ukumbi mzima unamcheka.

Sasa ongeza pete mbili nyembamba. Ya nje kabisa ni dabo, inazidisha namba mara mbili. Ya ndani, kama katikati ya safari kutoka ukingoni kwenda kati, ni trebo, inazidisha mara tatu. Kila pete ina upana wa milimita 8 tu, na mtu anarusha akiwa mita 2.37 kutoka kwenye bodi. Chukua rula uitazame hiyo milimita 8. Haya.

Katikati kuna buli: duara la nje ni 25, la ndani ni 50. Hiyo 50 inahesabika kuwa dabo (25 mara mbili), na hili utalihitaji baadaye, liandike pembeni ya mchoro kwa herufi kubwa.

Onyo: wengi wanadhani buli ndio alama kubwa kuliko zote, kwa vile ipo katikati. Sio. Trebo 20 ni 60. Mishale mitatu yote trebo 20 ndio ile 180 inayofanya watu wasimame juu ya viti.

Utajua umefaulu ukiulizwa "majirani wa 16 ni nani" unajibu 7 na 8 bila kuangalia. Usiende hatua ya 2 kabla ya hapo, natania lakini sitanii.

## Hatua ya 2: Panga saa zako

Mashindano yanaanza katikati ya Desemba na kuisha mwanzoni mwa Januari, katikati wanapumzika siku za Krismasi. Fainali za miaka ya karibuni zimekuwa usiku wa tarehe 3 Januari.

Siku za mwanzo kuna awamu mbili. Ya mchana huwa inaanza saa sita na nusu mchana ya London, yaani saa tisa na nusu alasiri kwetu Dar, Nairobi na Kampala. Ya usiku inaanza saa moja jioni yao, kwetu saa nne usiku. Mlioko Lubumbashi na Goma punguzeni saa moja, mlioko Muscat ongezeni saa moja, na hapo Muscat ndugu zangu poleni, mechi ya mwisho ya usiku itawakuta saa nane tisa za usiku.

Ushauri wangu, mechi yako ya kwanza ya moja kwa moja iwe ya mchana na iwe ya raundi ya kwanza. Ni fupi, akili bado ina nguvu, na ukipotea kuna nyingine nyuma yake.

## Hatua ya 3: Chora ukurasa

Chora safu nne. Mbili za kushoto ni za mchezaji anayeonekana juu kwenye ubao wa TV, mbili za kulia ni za yule wa chini. Kila mmoja ana safu ya ALAMA (alichopiga zamu hii) na safu ya BAKI (kilichobaki). Juu ya kila safu ya BAKI andika 501.

Kwanini uandike vyote viwili? Kwa sababu utakosea, na ukikosea ukiwa na BAKI peke yake hutajua kosa lilianzia wapi. Ukiwa na ALAMA unarudi mstari kwa mstari mpaka unalikuta.

Zamu moja ni mishale mitatu. Mstari mmoja wa daftari ni zamu moja. Usiandike kila mshale peke yake, utachelewa. Subiri refa atangaze jumla, andika, toa.

## Hatua ya 4: Weka alama ya anayeanza

Kabla ya mechi wachezaji wanarushia buli, aliye karibu zaidi anaanza legi ya kwanza. (Legi ni mchezo mmoja kutoka 501 mpaka sifuri.) Baada ya hapo wanapokezana: legi ya pili anaanza mwingine, ya tatu anarudi wa kwanza. Na seti (kundi la legi, tutaifikia hatua ya 9) nazo zinapokezana vilevile, aliyeanza seti ya kwanza, seti ya pili anaanza mwenzake.

Weka nyota ndogo juu ya safu ya anayeanza legi hiyo. Watu wanaidharau hii nyota halafu wanashindwa kuelewa mechi nzima. Anayeanza yuko mbele zamu moja, kwahiyo anategemewa ashinde legi yake. Mwenzake akimshinda kwenye legi hiyo ndio tunasema kamvunja, na ndio maana utaona mtu ameshinda legi moja tu lakini anapiga kelele kama kashinda kombe.

## Hatua ya 5: TOA, usijumlishe

Hapa ndio wanaoanguka ni wengi. Huu mchezo haukusanyi pointi. Kila mtu ana deni la 501 na analipa mpaka liishe, anayemaliza deni kwanza ndio mshindi. Kwahiyo anayeonyesha namba NDOGO kwenye TV ndiye aliye mbele. Soma hiyo sentensi tena kama unatoka kwenye mpira.

Kutoa haraka kuna ujanja wake. Kapiga 95? Toa 100, rudisha 5. Kapiga 140? Toa 100 kwanza, halafu 40. Kapiga 85? Toa 100, rudisha 15. Ndani ya jioni moja hizi zinakaa zenyewe, kwa sababu alama zinazojirudia ni chache: 60, 85, 95, 100, 140, 180 na ndugu zao.

Mara ya kwanza mimi kushika chaki kwenye baa ya mtaani kwetu, jamaa alikuwa amebakiwa na 40, akapiga dabo 20, amemaliza, anakumbatiwa. Mimi nikaandika 20, nikatoa, nikampa baki 20 nikamwambia "endelea". Ule ukimya sijausahau. Chaki walinipokonya nikaambiwa nikalete soda. Dabo ni mara mbili, trebo ni mara tatu, na mshale unasomwa pale ncha ilipoingia, sio pale mkia unapoegemea.

Maonyo mawili madogo. Mshale uliodondoka chini hauna alama na haurudiwi. Na mshale ulioingia kwenye mkia wa mshale mwingine, ncha haijagusa bodi, nao ni sifuri, hata ungekuwa umening'inia juu ya trebo 20 yenyewe.

Utajua umefaulu ukisimamisha video baada ya zamu nne na BAKI zako zinafanana na za kwenye TV kwa wachezaji wote wawili.

## Hatua ya 6: Jua mtu ameingia lini eneo la kufunga

Huwezi kufunga, yaani kumaliza deni, kwa mshale wowote tu. Mshale wa mwisho lazima uingie dabo (au buli ya 50) na deni liishe sifuri kamili. Mchezo wote uko hapa. Kupiga 180 ni sherehe, kufunga ndio ushindi, na hapo ndipo mikono ya watu wazima inapotetemeka.

Deni kubwa linalofungika kwa zamu moja ni 170: trebo 20, trebo 20, buli. Juu ya hapo hakuna namna. Halafu kuna namba saba chini ya 170 ambazo nazo hazifungiki kwa mishale mitatu, ziandike nyuma ya daftari: 169, 168, 166, 165, 163, 162 na 159. Kuanzia 158 kushuka chini zote zinafungika. Kwahiyo ukiona mchezaji ana 169 haangalii kabisa kwenye buli usimlaumu, hawezi, anajipanga tu.

Ukimwona mtu ana namba witiri, mfano 41, ujue lazima kwanza apige namba witiri ibaki shufwa, kwa sababu dabo zote ni shufwa. Atapiga 9 ibaki 32, afunge kwa dabo 16.

Na kwanini wanaipenda 32 kiasi hicho? Fuatana na mimi. Una 32, unalenga dabo 16, umekosea kwa ndani, umepiga 16 ya kawaida. Imebaki 16, hiyo ni dabo 8. Umekosea tena kwa ndani, imebaki 8, dabo 4. Tena, imebaki 4, dabo 2. Tena, dabo 1. Kila ukikosea bado una dabo ya kulenga. Linganisha na 40: dabo 20, ukikosea ndani ni dabo 10, ukikosea ndani tena ni dabo 5, ukikosea tena imebaki 5, witiri, umeshapoteza mshale wa kujirekebisha. Ukishaelewa hii 32 utaanza kubishana na TV, na hiyo ni dalili njema.

## Hatua ya 7: Basti, yaani "mbona imerudi"

Mtu anabasti kwa njia tatu:

1. Amepiga zaidi ya deni lililobaki.
2. Amebakisha 1. Hakuna dabo yenye alama 1, ndogo kabisa ni dabo 1, ambayo ni alama 2.
3. Amefika sifuri lakini mshale wa mwisho haukuwa dabo.

Ikitokea yoyote, zamu inaisha palepale hata kama ana mishale mkononi, na deni linarudi lilivyokuwa MWANZO WA ZAMU. Sio mwanzo wa mshale. Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, kwahiyo nalionyesha polepole.

Ana 32. Mshale wa kwanza analenga dabo 16, unaingia 16 ya kawaida. Imebaki 16. Mshale wa pili analenga dabo 8, lakini 8 na 16 ni majirani (hatua ya 1, si unakumbuka), mkono unateleza unaingia dabo 16, yaani 32. Deni lilikuwa 16, amepiga 32. Basti. Mshale wa tatu harushi. Anarudi 32, sio 16. Kwenye daftari andika 0 kwenye ALAMA na 32 ileile kwenye BAKI.

Kosa la kawaida: kuacha mstari wazi. Usiuache wazi, andika 0. Mishale iliyobastiwa inahesabika imerushwa na utaihitaji kwenye avareji, yaani wastani wa alama (hatua ya 10).

## Hatua ya 8: Legi moja nzima, tuandike pamoja

Hii nimeitunga kwa mfano, sio mechi ya mtu. Chukua kalamu uandike kabla hujasoma majibu yangu. Wa juu ndiye anaanza, mwekee nyota.

Zamu ya 1: wa juu 100, baki 401. Wa chini 60, baki 441.

Zamu ya 2: wa juu 140, baki 261. Wa chini anaamka, 180, baki 261. Wamelingana, lakini wa juu ndiye anarusha, kwahiyo bado yuko mbele.

Zamu ya 3: wa juu anapiga trebo 20, anahamia 19, inaingia 19 ya kawaida, na nyingine 19. Jumla 98, baki 163. Simama hapo. 163 iko kwenye orodha ya zile saba! Mshale wa mwisho angeupeleka 18 badala ya 19 angebakiwa na 164, ambayo inafungika kwa trebo 19, trebo 19, buli. Alama moja tu. Wa chini anapiga 100, baki 161, na 161 inafungika: trebo 20, trebo 17, buli.

Zamu ya 4: wa juu hawezi kufunga, anapiga 100, baki 63. Wa chini anajaribu 161 yake, trebo 20 inaingia, trebo 17 inakosa inakuwa 17 ya kawaida, imebaki 84 na mshale mmoja, haufungi, anapiga 20 ajipange. Jumla 97, baki 64.

Zamu ya 5: wa juu ana 63, analenga trebo 13 ili ibaki 24, inaingia 13 ya kawaida, baki 50. Anapiga 10, baki 40. Dabo 20... nje ya waya. Jumla 23, baki 40. Wa chini ana 64: trebo 16 ni 48, baki 16. Dabo 8. Ndani! Refa anatangaza, legi imeisha.

Wa chini ameshinda legi yenye nyota ya mwenzake. Amevunja. Zungushia duara, na legi inayofuata anaanza yeye, kwahiyo ana nafasi ya kukimbia.

Utajua umefaulu kama daftari lako linaonyesha wa juu 40 na wa chini 0, bila kuangalia nilichoandika.

## Hatua ya 9: Kutoka legi kwenda seti, na seti kwenda mechi

Chukua ukurasa mwingine, huu ni wa matokeo tu.

Wa kwanza kufikisha legi 3 anachukua SETI. Legi zinafutwa, mnaanza 0-0 upya. Mechi inashindwa kwa seti. Kwa mfumo ulioanza na mashindano ya 2026, wachezaji 128 wanacheza raundi saba. Raundi ya kwanza na ya pili mshindi anahitaji seti 3, ya tatu na ya nne seti 4, robo fainali 5, nusu fainali 6, fainali 7. Jumlisha: bingwa lazima ashinde seti 32, ndio apewe kombe na zile pauni milioni moja.

Kwahiyo ukisoma kwamba Januari 2025 Luke Littler alimfunga Michael van Gerwen 7-3, hizo ni seti, na ndani ya kila seti kulikuwa na legi zake tatu au zaidi. Kijana alikuwa na miaka 17, alitangulia 4-0.

Sasa sikiliza jambo linalowachanganya watu. Legi za seti uliyopoteza hazikusaidii kitu. Tuseme mtu anashinda seti mbili 3-0, 3-0, halafu anapoteza tatu, kila moja 3-2. Hesabu legi: yeye ana 12, mwenzake 9. Na ametolewa mashindanoni. Ndio hivyo.

Ndio maana pia mechi haijaisha mpaka iishe. Desemba 2025 David Munyua, daktari wa mifugo na Mkenya wa kwanza kucheza mashindano haya, alikuwa nyuma seti 2-0 dhidi ya Mike De Decker wa Ubelgiji, mtu aliyeshinda World Grand Prix, mashindano mengine makubwa ya vishale, mwaka mmoja nyuma yake. Jirani yangu akazima TV akaenda kulala. Munyua akashinda 3-2. Jirani alipoambiwa asubuhi alidhani anataniwa.

Seti ya mwisho ina sheria yake. Kuanzia raundi ya pili, mechi ikifika seti ya mwisho na legi zikawa 2-2, hawamalizi kwa legi moja. Lazima mtu aongoze kwa legi mbili: 4-2, 5-3, na kuendelea. Zikifika 5-5 inachezwa legi moja ya kufa na kupona. Raundi ya kwanza haina hii, 3-2 imetosha. Kwahiyo kabla hujasema "wamekosea kuhesabu", angalia ni raundi gani.

## Hatua ya 10: Avareji, na jinsi inavyodanganya

Sasa toa simu. Avareji ni alama zote gawanya kwa mishale yote, zidisha mara 3.

Rudi kwenye legi yetu. Wa chini alimaliza 501 kwa mishale 14 (zamu nne kamili ni 12, halafu miwili ya mwisho). 501 gawanya kwa 14 zidisha 3 ni 107.36. Wa juu alipiga 461 kwa mishale 15, ni 92.20.

Mabingwa wakiwa vizuri wanatembea 100 na kitu. Rekodi ya mashindano haya ni 114.05 ya van Gerwen kwenye nusu fainali ya 2017 dhidi ya Raymond van Barneveld. Na van Barneveld alipiga 109.34 usiku huohuo, akafungwa 6-2. Usiku mwingine wowote angeshinda. Kwahiyo avareji iandike, iheshimu, lakini usibeti nayo. Haikwambii nani alikosa dabo, na dabo ndizo zilizoamua.

Mfano mzuri wa hili uko kwenye fainali ya 2023. Van Gerwen alipiga mishale minane bila kosa, umebaki mmoja wa dabo 12 amalize legi kwa mishale tisa, ambayo ndiyo michache kabisa inayowezekana kutoka 501. Akakosa. Michael Smith akasimama, naye alikuwa hajakosea hata mshale mmoja, akaenda hukohuko dabo 12, ikaingia. Legi ya mishale tisa, ndani ya fainali. Smith akachukua ubingwa 7-4. Itafute hiyo legi kwenye marudio uihesabu kwa daftari, ukiweza kuiandika bila kusimamisha video basi umeiva.

## Hatua ya 11: Mtihani wa selotepu

Kata karatasi ngumu, ibandike kwa selotepu kwenye kioo cha TV, ifunike ule ubao wa namba. Punguza sauti kabisa usimsikie refa. Sasa una mishale tu na mchoro wako kichwani. Hesabu legi tatu mfululizo, ndipo ubandue ulinganishe.

Mara ya kwanza utakosea, mara nyingi ni kwenye trebo zilizoingia pembeni ya waya ukadhani za kawaida. Usifute, weka alama ya ulizo pembeni, endelea, ukibandua utaona ni mshale upi. Mimi ilinichukua jioni nne. Ya tano nikalala na kusahau kubandua, na asubuhi mama watoto akakaa kuangalia taarifa ya habari robo saa nzima ndipo akaniita sebuleni kuniuliza kwanini TV ina plasta.